Anayekaa Kiti cha Nyuma

Tarehe 4 Februari

Shikamoo Mzee,

Hunijui, nami sikujui, ila anwani yako nimeikuta kwenye kadi ya gari. Mimi ni fundi cherehani, ndiye niliyenunua lile gari lako la kijivu, la mafuta na umeme, mwezi Desemba. Aliyeniuzia ni binti yako. Alikuwa mtu wa tabasamu na soda baridi mpaka nilipompigia kumweleza habari ya feni inayolia nyuma. Tangu siku hiyo simu yake inaita tu mpaka inachoka, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nisikuzungushe, Mzee wangu. Nahisi nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Niliambiwa hili gari halijui mafuta. Mjini ni kweli, sikatai, lakini ukiingia barabara kuu linakunywa kama wenzake. Hilo nimelimeza. Breki zake zinashika kwa namna ya peke yake, nalo nimelimeza, mguu umeshajifunza. Lisilomezeka ni mlima wa hospitali. Tukifika katikati taa nyekundu inawaka na gari linaishiwa nguvu kama mtu aliyekatika pumzi. Mafundi wa mtaani wamelikimbia wote. Mmoja alifunua boneti, akaziona zile nyaya nene za rangi ya machungwa, akaifunga taratibu kama aliyefumania nyoka. "Dada, huyu si wangu," akasema, na hata soda yangu hakuinywa.

Ningekuwa nabeba vitambaa tu nisingekusumbua. Nabeba mama yangu. Figo zake zimegoma. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa mbili asubuhi, lazima awe kwenye mashine ya kusafisha damu. Akikosa siku moja uso unavimba. Akikosa mbili, daktari aliniambia nisimwulize swali hilo. Basi hawezi kupanda, akitoka pale miguu haimbebi. Bila hili gari sina mama, ndivyo mambo yalivyo.

Halafu kuna hiyo feni. Nyuma, chini ya kiti, kuna kitu kinahema. Mimi nimeishi na mashine miaka ishirini, milio yake naijua, na huu si wa mashine. Kinavuta, kinatulia, kinatoa. Nikizima gari kinaendelea kidogo, kisha kinanyamaza ghafla, kana kwamba kimegundua kuwa nakisikiliza. Je, kwako pia kilikuwa hivi?

Ni mimi,
Fundi cherehani, mnunuzi wako


Tarehe 11 Februari

Fundi, binti yangu,

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Swali lako la kuhema siwezi kulijibu. Masikio yangu yalikufa miaka kumi na moja iliyopita, moja likatangulia na jingine likafuata. Simu kwangu ni saa ya mezani, na herufi zake ndogo hazipatani na macho yangu. Umefanya vyema kuandika.

Gari langu la zamani nilikuwa nalisikia kwa mgongo na viganja. Likiwaka usukani unatetemeka, najua liko hai. Hili halitetemeki. Likitembea kwa umeme ni kimya kwa mwenye masikio na kwa asiye nayo. Nilikuwa nategemea taa ndogo ya kijani kujua kama limewaka, na mara nyingi nililiacha limewaka nikaingia ndani kwa shughuli zangu.

Sasa tiba. Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, na inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo ubavuni mwa kiti. Tundu likiziba betri inachemka, na gari hujilinda kwa kukata nguvu. Tafuta fundi mwenye glavu za mpira. Asiye nazo asiguse nyaya hizo, umeme wake haupigi hodi. Gari lisikae wiki mbili bila kutembea. Na ujue kuwa betri ina umri wake kama sisi, sikuwahi kuibadilisha. Binti yangu alipaswa kukwambia yote haya. Namwombea radhi.

Nina swali moja. Kiti cha nyuma anakaa nani?

Wako,
Mpima ardhi mstaafu


Tarehe 19 Februari

Shikamoo Mzee wangu,

Mungu akuzidishie. Nimempata fundi, kijana wa watu tunamwita Glavu, maana hata chai anainywa nazo. Amefungua ubavu wa kiti kama ulivyoelekeza. Taa nyekundu imekufa, mlima tumeupanda leo tukiimba. Mama alikuwa amejilaza kiti cha nyuma, ndipo anapokaa siku zote, kwa hiyo swali lako nimelijibu.

Sasa la kwangu. Glavu alipoitoa ile feni aliweka zana chini. Akaniita. Feni ilikuwa imefungwa na nywele, Mzee. Siyo mbili tatu. Mkono mzima. Ndefu, za mvi, zimejisokota kwenye mapanga yake kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Mama yangu nywele zake ni fupi na amezifunga kitambaa tangu aanze kuumwa. Nikamwambia Glavu azitupe, akakataa. Amezitia kwenye bahasha na kuniachia mezani, eti yeye hatupi kitu cha mtu. Hebu niambie ni za nani, nijue nakaa na nani.

Na lile la kuhema halijaisha. Feni ni safi sasa, inazunguka kwa sauti ya feni, naisikia kabisa. Lile jingine linasikika pembeni yake.

Fundi


Tarehe 27 Februari

Binti yangu,

Ni za mke wangu. Zilimwanguka sana miaka ya mwisho, tukidhani zinabaki kwenye kitana. Naomba usizitupe.

Nikueleze alivyokuwa akikaa. Sheria ilinikubalia kuendesha, macho yangu ni mazima. Lakini yeye hakuniamini barabarani bila masikio, kwa hiyo akayafanya ya kwake kuwa yangu. Alikaa nyuma yangu, katikati, kwa sababu mbele angefikia bega moja tu. Kidole kimoja bega la kulia: gari linakuja kulia. Kidole bega la kushoto: kushoto. Vidole viwili: nyuma wanapiga honi, wapishe. Kiganja kizima, kimebana: simama, usiulize. Miaka kumi tuliendesha hivyo na hatukugusa hata baiskeli. Watu walitucheka, bwana mbele kama dereva wa serikali, bibi nyuma kama waziri. Naye alipenda sana kuchekwa hivyo, alikuwa anawapungia mkono.

Ametangulia mwaka jana, mwezi wa tisa. Ilikuwa ajali ya nyumbani. Baada ya hapo sikuweza kuendesha, bega langu lilikuwa tupu mno. Binti yangu akaliuza gari. Nampenda kwa hilo na namlaumu kwa hilo.

Mpima ardhi


Tarehe 8 Machi

Mzee,

Salamu niwie radhi. Barua yako nimeisoma dukani mbele ya wateja, nikafunga duka mapema.

Kuna jambo sikukwambia. Sikumwambia mtu, hata Mama, maana kinachofuata ni kupelekwa kwenye maombi na dada zangu wa kanisani, na mimi sina muda huo. Naguswa bega.

Mara ya kwanza ilikuwa Januari. Nilikuwa nimemwacha Mama kwenye mashine, narudi dukani, garini niko peke yangu. Nikataka kuhama njia. Kidole, bega la kulia. Nikashtuka, nikageuka kuangalia nyuma, hakuna mtu, na upande wa kulia likapita lori la mchanga ambalo kwenye kioo sikuliona kabisa. Nikajisemea ni uchovu. Mara ya pili ni vidole viwili, na kweli nyuma gari la wagonjwa lilikuwa linalia nami nimefungulia redio. Hizo alama sikuzijua, Mzee! Wewe ndiye uliyenifundisha maana yake juzi, kwenye karatasi. Nitakuwaje nimeziota?

Ya tatu ilikuwa Jumatano iliyopita. Maegesho ya hospitali, Mama yuko ndani. Nimewasha, nimeweka gia ya kurudi nyuma, gari halitoi hata mchakacho. Kikaja kiganja. Kizima, Mzee, na kidole gumba kimenigusa shingoni, baridi. Nikakanyaga breki kwa miguu miwili. Nikashuka. Nyuma ya gari, hatua moja tu, mama mmoja msafishaji alikuwa ameinama anakamua tambara kwenye ndoo. Hakusikia kitu. Alinitazama akaniuliza, "Kwani hilo limewaka?"

Naogopa. Na hapo hapo, nisikufiche, namshukuru. Nifanyeje?

Fundi


Tarehe 14 Machi

Binti yangu,

Naomba unirudishie gari.

Chako utarudishiwa chote, hilo lisikutie shaka. Na hutabaki bila usafiri. Binti yangu ana gari la kawaida, la petroli, linanguruma vizuri na kila fundi analijua. Litakuwa lako. Wewe taja siku tu.

Mimi nina miaka sabini na mitatu. Sitaki kusafiri nalo popote. Nataka kukaa kwenye kiti cha dereva hapa uani, nizime kila kitu, ningoje. Niguswe mara moja tu. Nakuomba kama mzazi anavyoomba.

Mpima ardhi


Tarehe 22 Machi

Shikamoo Mzee,

Hapana.

Nisamehe kwa neno hilo, lakini bora nilitangulize. Mara mbili sasa umeniandikia juu ya mke wako, na yule wa nyuma ya ndoo hukumtaja hata kwa nusu mstari. Hukusema hata afadhali hakuguswa. Mtu mwingine angesema. Hapo nimepata shaka, nami nikipata shaka huwa siiachi.

Tena wewe uliniuliza swali lako mapema mno, la nani anakaa nyuma, kabla mimi sijataja nywele wala kidole. Ulikuwa unajua nini?

Sikiliza lililotokea Ijumaa. Namrudisha Mama, amechoka, amelala. Nikasikia anaongea, sauti ya chini, ya kujibishana, kama wanawake wawili wanaopanga foleni. Nikadhani ni homa. Mara akaniuliza, "Mwanangu, kwa nini alipiga mara moja tu?"

"Nani, Mama?"

"Huyu. Anasema alipiga mara moja, hakuwahi ya pili."

"Alipiga nini?"

"Buti la gari," akasema Mama, akageukia ukuta wa gari, akalala tena. Nami nilikuwa kwenye foleni, siwezi kushuka, siwezi kukimbia, natazama tu taa za aliye mbele.

Sijui maana yake. Wewe unaijua. Mama yangu analala juu ya kile kiti siku tatu kila wiki, uhai wake umo humo. Niambie ukweli wote, la sivyo habari ya kurudisha gari usiitaje tena kwangu.

Fundi


Tarehe 30 Machi

Binti yangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Nitaandika kama nilivyokuwa naandika taarifa za mipaka, nisije nikajipendelea.

Kwenye kurudi nyuma tulikuwa na utaratibu wetu. Yeye hushuka, husimama pembeni ya buti, na mimi huweka mgongo wangu sawasawa kwenye kiti. Akipiga buti mara moja, nafasi ipo, rudi. Akipiga mara mbili, basi, simama. Sikuwa namsikia, nilikuwa nahisi pigo likipita kwenye bodi ya gari mpaka kwenye uti wa mgongo. Hatukuwahi kukosea.

Siku ile nilitaka kulirudisha gari nyuma kidogo ili nifagie mbele yake. Niliwasha. Kwenye kioo nikaliona gauni lake nyuma ya gari, nikajua ameshika nafasi yake. Kumbe alikuwa amekuja kuhamisha vyungu vyake vya maua, amelipa buti mgongo, na hakujua limewaka. Kwa vipi angejua? Gari lile halisemi. Likaanza kwenda. Alipoligundua alipiga buti mara moja.

Nikarudi.

Kutoka buti hadi ukuta wa nyuma palikuwa na mita mbili na sentimita arobaini. Nilipima baadaye, sijui kwa nini nilipima.

Polisi walipokuja nikawaambia sikuhisi kitu, huenda alipatwa na kizunguzungu akaanguka. Walinipa pole wakaondoka. Kiziwi anaaminiwa haraka. Binti yangu naye nilimwambia hivyo hivyo, na mpaka leo anawaeleza watu hivyo. Kwamba nilihisi lile pigo hakuna aliyekuwa anajua ila mimi. Wewe sasa ni wa pili. Au wa tatu, kama mama yako yuko sahihi.

Nilikuuliza anayekaa nyuma kwa sababu uliandika kuwa kitu kinahema. Alikuwa na pumu. Alikuwa anavuta, anatulia, anatoa. Nilikuwa nikiitazama blauzi yake ikipanda na kushuka, ndivyo nilivyoijua.

Nataka kumwambia kuwa nilihisi. Hilo tu. Nataka ajue sikumpuuza, nilimtii. Niletee gari, nakuomba. Au usiniletee. Sasa unajua unayeongea naye.

Mpima ardhi


Tarehe 9 Aprili

Shikamoo Mzee wangu,

Nimelia, kisha nikakasirika, kisha nikalia tena. Ningekuwa karibu ningekufokea halafu ningekupikia. Ulidanganya, Mzee, tena juu ya marehemu. Lakini pia nimekuwa nakata nguo za watu miaka ishirini na najua mkono unavyoweza kukata pasipostahili, huku macho yanaona.

Nilimsomea Mama barua yako yote. Akasema, "Mpelekee mzee wa watu mke wake. Hilo la petroli nalo lina kiti cha nyuma." Nikakubali. Ndiyo maana nilikutumia ule ujumbe kupitia binti yako kuwa Jumamosi tunakuja. Safari hii alipokea simu.

Jumamosi tulitoka saa moja asubuhi, Mama nyuma, bahasha ya nywele kwenye mkoba wangu. Njia nzima gari lilikwenda kama hariri. Tukafika njia panda yenye kituo cha mafuta, pale unapokata kushoto kuja kwenu. Nikawasha taa ya kushoto. Kiganja.

Nikasimama. Nikatazama huku na huku, hakuna gari, hakuna mtu, hakuna hata kuku. Nikangoja. Kikaondoka. Nikakata tena kushoto. Kiganja, safari hii kimebana mpaka nikaguna. Nikasema kwa sauti, "Bibi, tunakupeleka nyumbani. Anataka kukwambia kuwa alihisi." Nilimweleza yote, Mzee, naapa, kama ulivyoniandikia, sikupunguza neno. Kule nyuma kuhema kukasimama. Nikaona amenielewa. Nikaachia breki mara ya tatu.

Bega langu linauma mpaka leo, sindano siwezi kuishika sawasawa. Na Mama akasema, kwa sauti yake mwenyewe, akiwa macho kabisa: "Mwanangu, usimlazimishe. Amesikia. Hataki."

Nikageuza gari. Nilipolielekeza tulikotoka tu, mkono ukaondoka, na nyuma akaanza kuhema polepole, kama mtu aliyeondolewa hofu. Jumatatu yake tulikwenda kwenye mashine kama kawaida, tukafika kabla ya muda.

Ningeweza kukudanganya kuwa betri ilikufa njiani. Ungeamini, ni gari la namna hiyo. Lakini uongo wa kukulaza usingizi nimeona hautakufaa. Nisamehe. Naumia nikikuandikia haya.

Fundi


Tarehe 17 Aprili

Binti yangu,

Siku ile nilikaa kwenye kiti langoni tangu saa tatu mpaka jua lilipozama. Nilivaa koti langu la kazi, lile lililochakaa mabega.

Nimeelewa. Hukunidanganya, na kwa hilo nakushukuru. Gari ni lenu, na yeye akae na mama yako kwa muda anaotaka. Binti yangu nimemweleza habari ya lile pigo. Bado hajaniambia kitu, ila chakula ananiletea.

Nina ombi moja, nalo ni la dereva kwa dereva. Kabla hujarudi nyuma, piga honi. Kila mara, hata pakiwa peupe, hata watu wakikuona mwendawazimu. Mimi sikuwahi kuipiga. Kwa kuwa siisikii, nilisahau kuwa yeye angeisikia.

Mpima ardhi